Maji Yaliyozungushiwa Miti

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kuogelea hotelini, hapa hapa Musoma. Shuleni kwao walikuwa wameambiwa kila mtoto ajifunze kuogelea, na mwalimu akawaachia wazazi kazi ya kutafuta bwawa. Bwawa la watu wote hakuna. Yapo ya hoteli mawili matatu, na bei ya getini imewekwa kwa ajili ya wageni, si kwa ajili ya bibi mwenye wajukuu wanne. Niliisoma ile bei, nikaisoma tena, tukageuka. Nje ya geti vijana wa barabara walikuwa wanachemsha lami kwenye pipa. Moshi wake uliponifikia puani nikasimama. Mjukuu akadhani naumwa, akanishika mkono. Nikamwambia si kitu, ni harufu ya baba yangu tu.

Njiani akaniuliza, kama hamkuwa na mabwawa mlijifunzia wapi. Nilimjibu kwa kifupi, maana jua lilikuwa kali. Hapa nataka kueleza kwa nafasi, kwa sababu ninyi wa rika langu mtaelewa mambo ambayo mtoto wa leo inabidi aelezwe mara tatu.

Baba alikuwa seremala. Jina lake Ramadhani, lakini mji mzima ulimwita Fundi. Babu yake alitoka upande wa Tabora na misafara, akaoa huku, na baba mwenyewe alilelewa Bunda, kwenye maji ya kisima na ya mtungi. Kuogelea hakujua. Hata viatu vyake hakupenda viloe. Mama alikuwa Mjita wa Mugango, amezaliwa hatua chache kutoka ziwani, ila tangu aolewe mjini sikuwahi kumwona akiingia maji yaliyopita magoti. Tulikaa Mwigobero, nyumba ya udongo yenye bati, na kutoka mlangoni kwetu hadi ziwani kulikuwa na mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Pale ziwani palikuwa na mawe mapana yenye mgongo laini. Tulipaita Maweni. Wanawake walifua hapo, watu walichota maji hapo, na sisi watoto tulioga hapo, wote kwa wakati mmoja, sabuni na ndoo na kelele.

Mwalimu wangu wa kuogelea aliitwa Nyabise. Mama yake alikuwa jirani yetu, akiuza sokoni samaki wadogo wakavu waitwao furu, na Nyabise alinizidi miaka mitatu hivi. Mimi nilikuwa na saba. Alinilaza juu ya maji, akaweka kiganja chake chini ya tumbo langu, akawa ananitembeza kama mtu anayebeba sinia.

“Usipigane nayo, Zuhura,” aliniambia. “Lala kama uko kitandani.”

Siku moja nikagundua kiganja hakipo. Alikuwa amesimama mbali, mikono kichwani, ananicheka. Nadhani sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko kile.

Wakati huohuo baba alipata kazi uzunguni, upande wa pili wa kilima. Wazungu walitaka mahali pa kuogea penye usalama, kwa hiyo akawajengea kizimba ndani ya ziwa: nguzo nene zilizopakwa lami zisioze, na waya wa chuma umefungwa kutoka nguzo hadi nguzo, mpaka chini kwenye mchanga. Kazi ile ilichukua miezi. Kila jioni baba alirudi ananuka lami. Nguo zilinuka, ndevu zilinuka, hata mkate aliotuletea ulinuka. Mama alimwekea maji ya moto na majivu uani, na yeye alijisugua hadi ngozi ikawa nyekundu, lakini harufu haikutoka.

Kizimba kilipokwisha, baba aliitwa siku ya Jumapili kwenda kurekebisha bawaba ya mlango. Akaniruhusu nimfuate. Ndipo nilipoona kitu kilichonisumbua kwa wiki nzima. Ndani ya waya mlikuwa na Wazungu sita au saba, wakubwa na watoto, wamelowa, nywele zimewalalia usoni, wanazunguka pale ndani bila kwenda popote. Nje, juu ya gati, alisimama askari mwenye fimbo. Mimi nilikuwa nimewahi kupita karibu na gereza na mama. Nilijua maana ya waya na askari.

Nilirudi nikamwambia Nyabise kwamba Wazungu wamefungwa, na aliyejenga gereza lao ni baba yangu.

“Wamefanya nini?” akaniuliza.

Sikujua. Tulifikiri sana juu ya jambo lile, tukaona kwamba watu wazima huenda wana makosa yao, lakini watoto wanaonewa. Jumapili iliyofuata tukazunguka kilima kwa njia ya mbuzi, na mimi nimeficha kipande cha muhogo wa kuchemsha ndani ya kanga. Tulingoja askari ageuke. Mahali waya ulipoanzia ufukweni palikuwa na mtoto wa kike wa kizungu, ana madoadoa usoni, amekaa kwenye maji ya kina kifupi. Nikampitishia muhogo katikati ya waya. Akautazama, akaupokea, akaula. Alikuwa bado anatafuna askari alipotuona, nasi tukakimbia mpaka Maweni bila kusimama, tumeridhika mno, kama watu waliofanya ibada.

Baada ya hapo ilikuja ile alasiri. Sitaieleza sana. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, nalinda nguo zilizoanikwa. Nyabise alikuwa kwenye maji ya kifua, anajimwagia kwa kikombe. Sikuona kitu chochote kikija. Niliona kikombe kinaelea, na yeye hayupo, halafu yupo tena, mdomo wazi, hatoi sauti. Mama aliacha alichokuwa anafua. Alipita kando yangu na kanga yake, akajitupa majini kwa kichwa, na hapo nikamwona mama yangu anaogelea, kwa mikono mirefu ambayo sikujua kuwa anayo. Alimshika Nyabise makwapani. Wanawake wengine waliingia wakipiga maji kwa nguo na ndoo, wakipiga kelele kwa lugha zao zote. Mamba akaachia. Walipomlaza Nyabise juu ya jiwe, paja lake lilikuwa limefunguka, na mama alilifunga kwa kanga yake mwenyewe, akabaki na gauni la ndani mbele ya watu.

Nyabise hakufa. Alikaa hospitali muda mrefu, akashonwa, akapata homa, ikashuka. Alipoanza kutembea kwa kuchechemea, mama yake akampeleka kwa shangazi yake Butiama, mahali ambapo ziwa halionekani hata kwa mbali.

Maweni kukawa kimya. Maji tulilazimika kuchota, lakini watu walichota haraka na kuondoka. Na pale kwenye foleni ya ndoo nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, “Mamba walikuwaga na sehemu yao kule uzunguni. Sasa wamefungiwa, unafikiri wataenda wapi? Wamehamia kwetu.”

Yule mwanamke alisema tu, kama watu wanavyosema kwenye foleni. Mimi niliyabeba maneno yale nyumbani kama nilivyobeba ndoo. Ina maana baba alimfungia mamba mlango wa kule, na mamba akaja huku akamshika Nyabise. Nikaacha kumpelekea baba maji ya kunawa. Akinimegea kichwa cha samaki, sato, sehemu niliyoipenda kuliko zote, nilikiacha kwenye sahani. Akirudi jioni nilihamia uani. Alivumilia siku nyingi. Halafu asubuhi moja, akipiga randa ubao chini ya kibanda chake, akaniita.

“Zuhura. Mimi nimekukosea nini?”

Nikamwambia. Nilimwuliza kwa nini alimfungia mamba kule mpaka akaja kwetu.

Baba aliweka randa chini. Nilidhani atanichapa.

“Mamba hakuhama, mwanangu,” akasema. “Kule alikuwepo na huku alikuwepo, tangu kabla yangu. Waya wangu haukumleta.” Akaokota takataka za mbao, akazikunja kidoleni. “Lakini ningeweza kujenga viwili. Niliambiwa nijenge kimoja, nikajenga. Cha pili hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.”

Kesho yake alivaa kanzu safi akaenda ofisi ya wilaya kuuliza. Walikwenda watu watatu: yeye, mvuvi mmoja mzee, na mwalimu wa shule ya misheni aliyejua kuandika barua vizuri. Bwana wa ofisi aliwapokea kwa adabu, akawasikiliza, akawaambia hakuna fungu la fedha kwa jambo kama hilo, ila amesikitika na hatua itachukuliwa. Hatua ilichukuliwa kweli. Baada ya siku chache uliletwa ubao, ukasimikwa Maweni, umeandikwa kwamba kuoga ziwani ni marufuku. Baba ndiye aliyepewa kazi ya kuutengeneza. Aliutengeneza, akapaka rangi nyeupe, akaandika herufi nyeusi. Jioni ile hakula.

“Waya,” alimwambia mama. “Bila waya siwezi kitu. Na waya hawatoi.”

Mama alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Hakuinua kichwa. “Baba Zuhura, kwani kule kwetu Mugango tulikuwaga na waya?”

“Mlikuwa na nini?”

“Miti. Bibi yangu aliogea ndani ya miti maisha yake yote. Inasimikwa imebanana, hata mkono haupiti. Chini unaweka mawe. Kila mwaka unatoa iliyooza, unaweka mingine.”

Baba alimtazama kama mtu aliyeishi na fundi mwenzake miaka kumi bila kujua. “Na hukuniambia?”

“Hukuniuliza,” mama akasema. Nadhani hakutaka kumwumiza, lakini aliona uso wake, akamwongezea chai.

Miti ilikatwa Suguti na Mugango. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliileta kwa mitumbwi, imefungwa mafungu na kukokotwa nyuma majini, na kila mtumbwi ulipofika wanawake walishuka kuipokea. Baba aliomba mabaki ya lami yaliyokuwa yamegandia chini ya mapipa ya uzunguni, wakamwambia achukue, ni uchafu. Akayachemsha Maweni kwenye moto mkubwa, na mtaa mzima ukaanza kunuka kama yeye. Watu wa madrasa walikuja baada ya sala ya Ijumaa, wa misheni walikuja Jumamosi, na wasio wa huku wala kule walikuja siku walizotaka. Mama alisimama kwenye maji ya kiuno akionyesha mti gani uingie wapi, na baba, fundi wa mji mzima, alikaa kwenye jiwe kavu akichonga ncha na kuuliza, “Hapa, Mama Zuhura? Au zaidi?” Ule ubao wa marufuku walianikia mashati.

Kabla ya kusimikwa, miti ilipokuwa bado inakaushwa lami, mimi na mama tulipanda lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, tukashuka njiani na kutembea mpaka Butiama kumsalimia Nyabise. Shangazi yake alituonyesha kwa kidole upande wa nyuma ya nyumba. Huko kulikuwa na jiwe kubwa la bapa, limepata joto la jua, na juu yake walilala watoto kama kumi, kifudifudi, wamejipanga. Nyabise alikuwa anatembea kati yao na fimbo ya mbuzi.

“Mkono. Vuta. Miguu isilale,” alikuwa akisema. “Wewe, pumua. Utakunywa maji.”

Watoto wale hawakuwahi kuliona ziwa. Walikuwa wanaogelea juu ya jiwe kwa bidii yote, matumbo yao yamejaa vumbi, mmoja amekodoa macho kabisa kwa hofu ya kuzama. Mama aligeuka pembeni akajifuta uso kwa pindo la kanga. Mimi nililala mwisho wa mstari nikapiga miguu pamoja nao.

Baadaye, tukila viazi, nilimwambia Nyabise kuhusu miti. Aliuliza maswali ya kitaalamu: imebanana kiasi gani, mlango uko upande gani, kiboko je. Nilimjibu kama baba alivyotuambia, kwamba kiboko hazuiwi na mti wala waya, lakini hapendi kelele, nasi kelele tunazo. Hakucheka.

“Mimi siingii tena, Zuhura,” akasema. “Nafundisha tu.”

Kizimba kile kilidumu miaka mingi, mpaka mwaka ambao ziwa lilipanda na kufunika Maweni yote, mawe na miti pamoja. Kabla ya hapo mamia ya watoto wa Mwigobero walijifunzia ndani yake. Kila kiangazi miti iliyooza ilitolewa, na hakuna aliyewahi kutozwa kitu mlangoni. Sisi hatukuliona hilo kama jambo la kusifiwa. Tulidhani ndivyo maji yalivyo. Baada ya ziwa kushuka hakuna aliyekijenga tena. Wazee wa kazi ile walikuwa wamekwenda, na kila mmoja alidhani serikali mpya itajenga kikubwa zaidi. Baadaye ufukwe ukapata wenyewe, ukuta juu ya ukuta. Nyabise alisomea ukunga, akafanya kazi Bunda mpaka kustaafu, na alipofariki, watoto aliowazalisha walijaa barabara yote ya kwenda makaburini.

Lakini ninachotaka kumalizia ni siku ile ya kwanza.

Watu walijaa Maweni asubuhi na mapema. Wanawake wamevaa kanga zao nzuri, watoto wamekwisha kuvua mashati. Mlango wa kizimba ulikuwa wazi. Ndani maji yalikuwa yametulia, meusi kidogo kwa kivuli cha miti, na hakuna aliyeingia. Kila mama alikuwa amemshika mtoto wake. Nilimwona Nyabise juu ya jiwe na shangazi yake, fimbo mkononi. Alikuja kuangalia tu; kuingia alikwisha kusema haingii.

Mtu mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyehakikisha hapo chini. Ndipo baba alipovua kofia yake akanipa. Akavua kanzu, akampa mama, akabaki na saruni. Mama alimnong’oneza, “Acha, mimi naingia.” Yeye akatikisa kichwa.

Aliingia. Maji yalipomfika magotini alisimama. Akaenda. Alishika mti wa kwanza akautikisa, akaenda wa pili, wa tatu, anazunguka kizimba chote, mti mmoja baada ya mwingine, anakanyaga mawe ya chini kwa nyayo zake kuyapima. Upande wa mbali maji yalimfika kifuani, halafu shingoni. Hapo akakwama. Mikono yake miwili ilikuwa imekumbatia mti, amefumba macho, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Hakuna aliyecheka. Baba yangu, mbele ya mtaa mzima, alikuwa anaogopa, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba waya wa uzunguni aliufunga wote huku akiogopa hivihivi.

Nyabise alimpa shangazi yake fimbo. Alishuka juu ya mawe akichechemea, akapita mlangoni na gauni lake. Sikumwona akisita, au labda alisita nami nilikuwa namtazama baba. Maji yalipomfika kiunoni akalala juu yake, na kule kuchechemea kukapotea. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ule mti, akaweka kiganja chini ya tumbo la baba.

“Mzee Fundi,” akamwambia, “mti hauondoki. Umeujenga mwenyewe. Sasa achia.”

Baba akafumbua macho, akamtazama mtoto yule kwa muda. Akaachia.